Kitufe cha Nimepokea

Ofisi ya vifurushi ilikuwa inafungwa saa kumi kamili, na saa kumi kasoro robo foleni ilikuwa bado imefika mlangoni. Watu walisukumana kwa mabega huku wakiombana radhi, na feni ya ukutani ilizungusha joto lile lile kutoka upande mmoja wa chumba kwenda mwingine. Katikati ya foleni alisimama dada mmoja mwenye gauni la bluu na raba nyeupe, nywele kazifunga kwa kitambaa cha njano. Mkononi alikuwa na mfuko wenye vifurushi tisa, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa anwani. Mashine yake ya kuchapa iliishiwa wino asubuhi.

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Yeye aligeuka, akamwona kijana mrefu wa ovaroli ya kijivu aliyesimama nyuma yake, akaona kalamu nene mfukoni mwa kijana huyo, akaichomoa.

"Dada, hiyo kalamu ni yangu."

"Najua. Ingekuwa yangu ningeitoa kwako ya nini?"

"Watu huomba."

"Nimeomba kwa mkono. Kaka, nina dakika kumi na vifurushi tisa. Unaandika vizuri?"

"Naandika kama daktari."

"Basi wewe soma, mimi niandike. Shika simu. Geuka. Inama kidogo."

Kijana akageuka, akainama, na mgongo wake ukawa meza. Alisoma anwani moja baada ya nyingine kutoka kwenye simu ya mtu asiyemjua, naye dada akaziandika moja moja, akikandamiza kwelikweli. Mama mmoja aliyekuwa mbele yao alicheka hadi akashika nguzo.

"Huyu mume wako ana moyo," alisema.

"Si mume wangu, mama. Ni meza."

Walifika dirishani zikiwa zimebaki dakika mbili. Dada alikabidhi vifurushi vyake, kijana akapokea boksi dogo zito.

"Umenunua nini?" dada aliuliza.

"Breki ya lifti. Mimi ni fundi wa lifti. Na wewe unauza nini?"

"Viatu na kofia za kufuma. Za watoto wachanga."

"Naomba namba yako ya simu."

Alisema hivyo bila utangulizi wowote, kisha masikio yake yakapata moto. Dada alimtazama kuanzia buti hadi nywele. Hakuchukia alichokiona. Lakini alikuwa na sharti lake. Mwaka uliopita mteja mmoja alimpigia simu usiku wa manane kuuliza kama kofia inafuliwa kwa maji ya moto, na tangu siku hiyo namba yake aliijua mama yake na benki tu.

"Namba siwapi wanaume wa foleni," alisema. "Nina duka mtandaoni, linaitwa Sindano. Ukitaka kuzungumza na mimi, nunua kitu kama wenzako."

Akamrudishia kalamu, akaenda zake. Alikuwa anatania. Kuna wanaume ambao utani hupita juu ya vichwa vyao kama ndege, na fundi huyu alikuwa mmoja wao.

Sindano lilikuwa jina la duka, na lilikuwa jina la dada mwenyewe tangu chuoni, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake. Aliishi na mama yake, mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, katika nyumba ambayo kila kiti kilikuwa na donge la uzi. Mama ndiye aliyemfundisha kufuma. Kuuza alijifunza mwenyewe, kwa kutumia huduma moja ya malipo ya mtandaoni ambayo utaratibu wake ulikuwa mwepesi: mnunuzi analipa, pesa zinakaa kwa huduma, muuzaji anatuma mzigo. Mnunuzi akishaupata mzigo, anabonyeza kitufe kilichoandikwa "Nimepokea", na hapo ndipo pesa zinaingia kwa muuzaji. Kwa kila mauzo hufunguka kisanduku cha ujumbe kati ya mnunuzi na muuzaji, waelewane kuhusu rangi na vipimo. Mnunuzi akibonyeza Nimepokea, kisanduku kinafungwa.

Jioni ile fundi alikaa kitandani kwake akalisoma duka zima. Hakukuwa na kitu ambacho mwanaume wa miaka thelathini na moja angeweza kukivaa. Akachagua viatu vya njano, akalipa.

Ujumbe ukaingia mara moja. "Asante kwa kununua. Mtoto ana umri gani, nisije nikakosea kipimo?"

"Mtoto hayupo."

"Pole sana. Samahani kwa kuuliza."

"Hapana! Hajazaliwa!"

"Oh, hongera. Mama yake ana miezi mingapi?"

"Mama yake ndiye namtafuta."

Sindano akasoma tena, kisha akaandika: "Wewe ni meza?"

"Ndiye mimi."

Sindano aliiweka simu mezani, akacheka peke yake mpaka mama akachungulia kutoka jikoni kuuliza kama kuna habari njema au ni kichaa kimeanza.

Jumatatu iliyofuata fundi alikichukua kifurushi chake. Aliandika palepale ofisini: "Vimefika. Vinatosha vidole gumba vyangu viwili. Hongera kwa kazi."

Na kitufe? Alikiona. Chini yake kulikuwa na maandishi madogo: ukibonyeza, mazungumzo haya yatafungwa. Akakitazama kwa muda, akarudisha simu mfukoni. Pesa zilishatoka kwake, aliwaza. Basi zimefika kwa mwenyewe. Kitufe kinaweza kusubiri.

Hapo ndipo alipokosea, na si kosa la ubaya. Watu wengi wakiona pesa zimetoka mfukoni mwao hudhani zimeshaingia mfukoni mwa mwingine.

Wakaanza kuandikiana. Fundi alimwandikia akiwa juu ya paa la lifti, taa kaifunga kichwani, akisubiri mwenzake azime umeme. Sindano alimjibu katikati ya mistari, uzi umemzunguka shingoni.

"Leo nimetoa watu sita kwenye lifti. Mmoja alikuwa ameshaanza kuandika wosia."

"Alikuandikia chochote?"

"Mwavuli."

"Basi tajiri. Umekula?"

"Bado."

"Saa tisa hii? Kale, kisha urudi uniambie umekula nini. Usinidanganye, nitajua."

Siku moja fundi alijaribu kuandika namba yake ya simu, lakini huduma ile ilifuta kila namba iliyoandikwa kisandukuni na kuweka nyota. Zikatokea nyota kumi mfululizo.

"Umeniandikia anga zima," Sindano alijibu. "Asante, lakini sina darubini."

Siku ya tisa Sindano alimuuliza kama kazi yake haimtishi. Fundi akajibu kwamba urefu haumtishi hata kidogo. "Naogopa kitu kimoja tu. Siku ambayo simu hii itakaa kutwa bila jina lako." Sindano alisoma maneno hayo mara nne na kufuma mstari mzima kinyume.

Sasa tusifichane. Sindano alijua. Muuzaji yeyote hufungua akaunti yake kila asubuhi kuona nani kabonyeza na nani hajabonyeza, na kila asubuhi aliyaona mauzo ya viatu vya njano yameandikwa "Yanasubiri". Alijua vilevile kwamba siku kumi na tano zikipita tangu mzigo kupokewa, huduma huyahesabu mauzo kuwa na mgogoro. Neno moja tu lingetosha: bonyeza. Aliliandika siku ya tatu, akalifuta. Aliliandika siku ya sita, akalifuta. Siku ya kumi alijiambia atamwambia kesho.

Siku ya kumi na moja ikaja kazi ambayo alikuwa akiiota. Hospitali ya uzazi, ile mpya ya ghorofa tano, ilitaka kila mtoto atakayezaliwa pale atoke na viatu na kofia. Jozi mia mbili kwa kuanzia, na zikipendeza, kazi ingekuwa ya kudumu. Safari hii Sindano alitoa namba yake bila kusita, na ofisa ununuzi akampigia.

"Sampuli ikipita tunakulipa nusu mbele. Tunalipa kupitia huduma ile unayotumia, na lazima akaunti yako iwe wazi, bila mgogoro. Ni masharti yetu."

"Akaunti yangu ni safi, bosi."

"Vizuri. Alhamisi ya wiki ijayo, saa sita mchana, nafunga orodha. Baada ya hapo nampa mwingine."

Kwa siku nne Sindano na mama yake hawakuinua macho kwenye uzi. Kesho ikawa keshokutwa. Sampuli ilipita Jumatatu. Jumanne asubuhi Sindano alifungua akaunti akiwa na kikombe cha chai mkononi, akakutana na maandishi mekundu: "Akaunti yako imesimamishwa kwa ukaguzi. Mnunuzi hajathibitisha kupokea." Alipofungua kisanduku ili amwambie fundi abonyeze, kisanduku nacho kilikuwa kimefungwa mpaka mkaguzi akisome.

"Mama!" alipiga kelele. "Huyu mwanaume kaniua!"

Upande wa pili wa mji, fundi alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo moja, anatazama simu yake. "Mazungumzo haya yamefungwa." Akampigia dada yake, ambaye kwa kila shida ya kaka yake alikuwa na dawa moja, nayo ni kucheka.

"Kwa hiyo kakufungia?"

"Kanifungia, Dada. Bila hata kwaheri."

"Ulimwambia nini?"

"Jana nilimwambia nimemkumbuka."

"Ndo hivyo. Umemtisha mtoto wa watu. Na vile viatu utavifanyia nini?"

"Usinicheke."

"Sikucheki. Nimekohoa."

Sindano hakuwa na namba ya fundi. Hakuwa na anwani yake, maana kifurushi alikifuata mwenyewe ofisini. Alichokuwa nacho ni hasira na akili. Alivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, akaenda kwenye jengo la ofisi ya vifurushi, ambalo fundi aliwahi kumwandikia kwamba lifti yake wanaihudumia wao, akaingia kwenye lifti hiyo. Juu ya vitufe palikuwa na kibati: "Ikikwama, bonyeza kengele uzungumze na mafundi." Lifti haikuwa imekwama. Akabonyeza.

"Dharura, karibu," sauti ya mwanamke ilitoka ukutani. "Umekwama ghorofa ya ngapi?"

"Sijakwama. Namtafuta fundi wenu mmoja. Mrefu, anaandika kama daktari."

"Dada, hii ni simu ya dharura."

"Kwangu ni dharura."

"Una maumivu ya kifua?"

"Bado. Yatakuja nisipompata."

Sauti ikashuka kidogo. "Wewe ndiye wa viatu vya watoto?"

Sindano akashika ukuta. "Nani kakwambia?"

"Ofisi nzima inajua. Kaa hapo hapo. Nitaandika kwamba mlango unapiga kelele."

Fundi alifika baada ya dakika ishirini, begi la vifaa begani, anahema. Alipomwona Sindano amesimama mbele ya lifti, uso ulimng'aa. Halafu akakumbuka kwamba amefungiwa, ukaingia giza.

"Nilidhani hutaki kuniona."

"Sikutaki na nakutaka. Toa simu. Bonyeza."

"Nibonyeze nini?"

"Nimepokea! Siku kumi na tano umekalia pesa zangu! Akaunti yangu imesimamishwa, Alhamisi saa sita hospitali wanampa kazi mtu mwingine, na kisanduku kimefungwa hata sikuweza kukupata!"

"Kwani si wewe uliyekifunga?"

"Mimi nikifunge kwa lipi?"

Fundi aliweka begi chini polepole. "Pesa zilishatoka kwangu siku ile ile. Nilijua unazo."

"Zinakaa kwa huduma mpaka ubonyeze. Hukusoma?"

"Nilisoma kwamba nikibonyeza tutanyamaza."

"Si ungebonyeza, ukanunua jozi nyingine?"

"Nilifikiria hivyo. Nikaona utadhani nina mapacha."

Watu waliokuwa wakisubiri lifti walicheka. Sindano hakucheka, ingawa midomo yake ilikuwa karibu kumsaliti. Fundi akatoa simu, akabonyeza, akamwonyesha. Lakini ukaguzi ukishaanza hausimami kwa kitufe. Ujumbe ulisema mkaguzi atawapigia wote wawili Alhamisi, saa tatu asubuhi.

"Nisamehe," fundi alisema. "Nakuuliza jambo moja. Wewe ulikuwa unaona kwamba sijabonyeza?"

Sindano alitazama kibati cha lifti, akatazama raba zake. Watu walikuwa wanasikiliza.

"Sikujua," alisema. "Ningejua, ningekaa kimya? Mimi nina kazi, sina muda wa michezo ya watu wazima wenye kalamu."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Aliingia ndani ya lifti, akaupaka mafuta mlango ambao haukuwa na kelele yoyote, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi ya kazi. Alipotoka, Sindano alikuwa ameondoka.

Jumatano mama alimtazama binti yake akifuma, akifumua, akifuma.

"Hiyo kofia ya mtoto wa vichwa viwili?"

"Mama, niache."

"Sikuachi. Kile kitufe. Wewe si kila asubuhi unanisomea nani kabonyeza na nani bado? Huyu wa viatu vya njano hukunisomea hata siku moja. Nilidhani umesahau. Wewe husahau?"

Sindano akafumua mstari mwingine.

"Ulijua," mama alisema.

"Nilijua."

"Na jana umemwacha mtoto wa mwenzangu abebe mzigo peke yake, mbele za watu."

"Ningesemaje, mama? Kwamba nilikaa kimya kwa sababu nilitaka aendelee kuniandikia? Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Una mdomo wa kuchomoa kalamu mfukoni mwa mtu, huna mdomo wa kusema unampenda? Mimi nimekusomesha mpaka chuo, sikukusomesha ujinga huu. Lete hiyo kofia, unaharibu uzi."

Alhamisi saa tatu kamili simu ya Sindano iliita nyumbani kwao. Mama akavuta kiti karibu, akajifanya anahesabu vishikizo.

"Mimi ni mkaguzi wa migogoro," ilisema sauti ya mwanaume mtu mzima, kavu kama biskuti. "Mazungumzo haya yanarekodiwa. Bwana mnunuzi yupo?"

"Nipo," alisema fundi. Nyuma yake palisikika mngurumo wa mashine.

"Bibie muuzaji, taja namba yako ya simu, kwa kumbukumbu."

Sindano akaitaja. Mngurumo upande wa pili ukazimika ghafla, kama vile mtu amefunga mlango ili asikie vizuri.

"Bwana, mzigo uliupata?"

"Niliupata siku ya kwanza. Mzuri sana."

"Kwa nini hukuthibitisha?"

"Ni uzembe wangu. Dada hana kosa. Alinikumbusha mara nyingi, mimi ndiye niliyepuuza."

Sindano akafungua mdomo. Mama akaacha vishikizo.

"Alikukumbusha lini?"

"Siku ya... ya tano. Na ya tisa."

Karatasi zikasikika zikipinduliwa. "Bwana, mazungumzo yenu yote ninayo hapa. Nimeyasoma yote, na mke wangu ananiuliza kila siku yameishia wapi. Siku ya tisa bibie alikuuliza kama kazi yako inakutisha. Ukamjibu kwamba unaogopa kitu kimoja tu. Nisome?"

"Hapana!" walisema wote wawili.

"Basi tuelewane. Maelezo ya mnunuzi yakipingana na kumbukumbu, natakiwa niiache akaunti ya muuzaji imefungwa siku thelathini, nikitafuta kama kuna udanganyifu. Nawauliza tena, na mara hii fikirini. Kwa nini mzigo ulipokelewa na haukuthibitishwa?"

"Mimi ndiye..." fundi alianza.

"Nyamaza, kaka," Sindano alisema. Alisimama. "Anadanganya kwa ajili yangu. Sikumkumbusha hata mara moja. Nilijua hajabonyeza tangu siku ya kwanza, na Jumanne nilipomwambia sikujua, nilimdanganya, tena mbele za watu. Ningemwambia, angebonyeza. Akibonyeza, kisanduku kinafungwa. Sikutaka kifungwe."

"Kwa sababu gani, bibie? Kuna nafasi hapa natakiwa niijaze."

Mama alimkazia macho.

"Kwa sababu nampenda, baba. Jaza hivyo."

Mkaguzi alikohoa.

"Fomu haina nafasi ya hilo," alisema hatimaye. "Ina 'Kuchelewa kwa hiari ya pande zote mbili'. Naweka hiyo. Bwana, unakubaliana?"

"Nakubali," fundi alisema. "Yote. Nakubali yote."

"Mnunuzi halalamiki, muuzaji halalamiki. Mgogoro wenu hauna mtu. Akaunti itafunguliwa ndani ya saa tatu. Bibie, onyo: siku nyingine mnunuzi akichelewa, mkumbushe. Na mtupunguzie ya kusoma, tuna kazi nyingi."

Simu ikakatika. Dakika tatu hazikupita, ikaita tena, namba ngeni.

"Nani mwenzangu?" Sindano aliuliza, ingawa alijua.

"Fundi wa lifti. Namba yako nimeiandika mkononi. Niliandika vibaya, nimeshawapigia watu wawili."

"Unanichukia?"

"Kidogo. Tangu Jumanne mpaka dakika tano zilizopita."

"Ungeniacha nibaki na uongo wangu. Kwa nini ulisema nilikukumbusha?"

"Niliona unazama, nikashika kamba iliyokuwa karibu. Haikuwa kamba nzuri."

"Haikuwa. Usirudie."

"Sirudii. Wewe je?"

"Nami sirudii. Nisamehe, mpenzi." Neno lilimtoka lenyewe, na mama akarudi kwenye vishikizo vyake kwa adabu. "Umekula?"

"Saa tatu asubuhi hii?"

"Nijibu."

"Bado, laazizi."

Saa tano na robo akaunti ilifunguka. Saa tano na nusu, nusu ya malipo ya hospitali iliingia, na ofisa ununuzi akapiga simu kusema kwamba uzi wa kijani hautakiwi, wasichanganye.

Jozi mia mbili zilichukua wiki saba. Fundi alikuja kila Jumamosi. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kufuma, akapewa kazi ya kukunja na kufunga, na mama akamsimamia kama mwanafunzi. "Pembe, kijana, pembe! Hiyo ni zawadi, si bomba la maji." Alizoea. Siku ambayo hakuja kwa sababu ya lifti ya benki moja, mama ndiye aliyeuliza yuko wapi.

Walipeleka mzigo siku ya Ijumaa, maboksi manane. Sindano alivaa gauni la rangi ya machungwa lenye mkanda, na hereni ndogo alizonunua kwa malipo ya kwanza. Fundi alivaa shati jeupe ambalo dada yake alilipiga pasi mara mbili, na mikono yake, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, haikuwa na hata alama ya grisi. Ofisa ununuzi aliweka sahihi, akaomba jozi mia tatu nyingine. Wauguzi walikuwa wameshaanza kugombea zenye mistari.

Walikaa kwenye benchi nje ya lango, wakinywa maji ya chupa moja. Magari yalipita, mlinzi alikuwa akibishana na muuza magazeti.

"Mia tatu," Sindano alisema. "Mama hana tena pa kukaa. Jana kalala na maboksi. Lazima nitafute chumba cha kufanyia kazi."

"Nimekiona," fundi alisema.

"Umekiona wapi?"

"Kwenye jengo ninalohudumia. Ghorofa ya pili, mbele ya duka la dawa. Ni nyumba ya vyumba viwili. Kimoja kina madirisha mawili, jua la asubuhi linaingia lote. Nilipoingia tu, nikaona meza yako imekaa pale."

"Na hicho kingine?"

Fundi alifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga.

"Hicho kingine ni chetu. Mimi na wewe."

Sindano aligeuka akamtazama. "Kaka, unanioa au unanipangisha?"

"Nakuoa. Kodi tutagawana. Jumapili nakuja na baba yangu mdogo na dada yangu kwa mama, kama utasema..."

"Ndiyo."

"Sijamaliza kuuliza."

"Nimeshajibu. Ndiyo. Sitaki jibu liingie siku ya pili." Akamshika mkono mbele ya mlinzi, muuza magazeti na wauguzi wawili waliokuwa wakitoka zamu. Aliushika kwa nguvu, akaukalisha magotini kwake. Kisha akafikiri kidogo. "Maji yanatoka kila siku?"

"Yanatoka. Ila asubuhi tu."

"Basi twende tukanunue pipa."